Usingizi wa Mwenyekiti

Komredi Dada, pamoja na makomredi wote wa nyumba hiyo mnaolala kwa zamu na kula mkiwa mmesimama: pokeeni salamu za mapambano kutoka kwa mdogo wenu. Nataraji u mzima, mgongo umepoa, na wadi yenu ya wazazi imeongezewa wakunga. Sisi tu wazima wa mwili. Ninayo hofu moja tu, nayo ndiyo iliyoniketisha kuandika.

Mwanao, huyu niliyemzaa mimi, sasa analala usiku kucha. Shemeji yako, ambaye hushinda akitengeneza mafriji ya watu na kurudi hoi, alitangaza ukombozi siku ile ile. Alisema Mwenyekiti (ndilo jina tulilompa mtoto, maana hapa hakuna kikao kinachofungwa bila ridhaa yake) hatimaye amewahurumia wananchi. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nilicheka nao, huku nikijiuliza: akilala yeye, maziwa yataambiwa na nani kwamba bado yanahitajika?

Uliniandikia nimwache alale, nikamue kidogo kabla ya kulala, na tena asubuhi kifua kikijaa. Nilikuelewa. Lakini, Dada, chuo kinafunguliwa karibuni, na ni mimi niliyepanda juu ya meza ya bwalo nikadai chumba cha wanafunzi wanaonyonyesha, chenye mlango unaofungika na soketi ya umeme. Tumekipata. Itakuwaje niingie humo wa kwanza na kutoka na chupa tupu? Basi nikaanza kuamka na kukamua gizani, pampu ikikoroma kama mlevi, na kilichopatikana hakikufunika hata kitako cha chupa. Nikaamini kwamba maziwa yanakauka. Naye Mwenyekiti maziwa ya kopo huyatema kama hoja ya mpinzani.

Kisha mtoto akarudia kuamka usiku, na nyumba nzima ikaingia katika uchunguzi. Shemeji yako alilaumu meno; akampapasa kinywani, akakuta ufizi mtupu. Mimi nilipendekeza kuwa ni joto. Dirisha likafunguliwa, tukavamiwa na mbu. Mwishowe Mama mkwe akasema kwa unyonge kwamba huenda ni redio yake, ile anayoisikiliza kitandani tangu alipofiwa na mumewe ili chumba kisiwe kimya. Akaizima mwenyewe, akaifunika kwa kitambaa. Nami, ninayewahubiria wenzangu kwamba anayenyamaza mbele ya dhuluma ameshiriki, nilinyamaza.

Dada, anayemwamsha ni mimi. Mashine ikinipa matone, naenda kitandani kwake, nikamtekenya unyayo mpaka afumbue macho, kisha nampakata. Akimeza, namsikia; nikimsikia, napumua. Mwanzoni nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya maziwa. Sasa sina hakika. Naogopa zaidi kwamba nyumba hii inaweza kuuvuka usiku mzima bila kunihitaji, na kwamba nikirudi chuoni itauvuka mchana vivyo hivyo.

Jana asubuhi nilimkuta Mama mkwe ameketi kitandani, macho mekundu. Nilipomuuliza kama alilala, alijibu, "Nimezoea kusinzia watu wakiongea, mwanangu. Lakini mtoto kwanza." Nimehutubia kumbi zilizojaa hadi milangoni, Dada, na mbele ya mama mmoja nikaishia kukunja shuka lake.

Kwa hiyo naitisha kikao, nawe ni mjumbe wa lazima. Njoo utufundishe namna ya kukamua bila kumwibia mtoto usingizi. Niambie pia kama maziwa haya yatatosha, hata kama jibu litaniuma. Lakini kabla hujafungua kinywa nitakuwa nimeyasema mbele ya wote haya niliyokuandikia.

Wabusu watoto, na umsalimie shemeji yangu. Mwenyekiti amelala ninapoandika, na mikono yangu nimeikataza kumgusa.

Ni mimi mdogo wako,
Kipaza Sauti

Kikao ni Jumamosi, saa kumi jioni, sebuleni kwetu. Ajenda ya kwanza: kuiwasha redio.