Posa ya Mwenye Kiwanda

Rahaleo, Mtwara
Jumatano jioni

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumaini hujambo, magoti ya Baba yametulia, na dukani mnauza. Mimi mwili hauna shida, alhamdulillahi. Roho ndiyo haikai mahali pamoja. Usishangae kuletewa barua wakati simu ipo. Simu wewe unaiweka sauti kubwa, nikikohoa huku Mikindani nzima inanipa pole! Isome chumbani, peke yako. Mdogo wangu Owais aliyekuletea atakusubiri nje na gari, na hajui lolote.

Jumapili uliponipigia kwamba wazee wa Asgarali wamekuja na pete kumposea Zaheer, mtoto wa nduguye, ulilia kwa furaha. Uliwajibu ndiyo palepale, chai haijapoa, mimi ukaniuliza baadaye. Sikukasirika. Nisikufiche, Mama, nilifurahi. Zaheer namfahamu, ana adabu na anachekesha, nikaitazama picha ya ile pete mpaka simu ikaisha chaji.

Sasa sikia habari za kazini. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimechukua sampuli za unga wa lishe kwenye kiwanda cha huyo huyo Asgarali, ule wenye picha ya mtoto mnene. Majibu ya maabara yalikuja mabaya. Una sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa karanga na mahindi yaliyolala na unyevu, na inakula ini. Mtoto anayenyweshwa uji wake kila siku anaweza kudumaa, na sumu ikizidi anakufa. Niliandika tangazo la kuuondoa unga wote sokoni, nikampelekea mkuu wangu, Bwana Mikaeli.

Akasema tusubiri. Alisema huyo mtu ametujengea uzio wa ofisi, na magari yetu yanajaza mafuta kwenye kituo chake, haifai kumvamia. Nikamwambia watoto hawali uzio. Tulizozana mpaka Joyce wa mapokezi akaja kufunga mlango. Sikurudi nyuma, kwa sababu kwa utaratibu wetu faili ni la mkaguzi aliyechukua sampuli, na mkaguzi ni mimi.

Jumatatu akaniita, anatabasamu, akanipongeza kwa uchumba. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote! Akasema kwa kuwa sasa mimi ni mtu wa nyumba ya Asgarali, kuna mgongano wa maslahi, hivyo faili analichukua yeye. Mchana tangazo langu halikusema tena unga uondolewe. Liliwashauri wananchi wahifadhi unga mahali pakavu. Yaani kosa limekuwa la mama mwenye jiko!

Mama, ndipo nikaelewa. Posa ile haikuja kwangu, ilifuata faili. Walijua una hamu ya kuniona naolewa, na kwamba huwezi kuwarudisha mikono mitupu wazee waliokaa sebuleni kwako. Zaheer nilimpigia simu, akaapa hakujua. Nadhani namwamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jirani yangu Sabra ana mapacha walioanza uji juzi tu. Nilipokuta pakiti ya ule unga jikoni kwake nikamwambia amwage. Akaniuliza kama serikali imesema. Nikarudi chumbani kwangu nikalia.

Ndipo leo, kwenye kikao mbele ya wakubwa wa mkoa, nikasimama na kusema mimi si mchumba wa mtu, posa ile wazazi wangu walisharudisha jana.  Wakubwa wakaamuru nirudishiwe faili langu, nikasaini, na kesho saa nne asubuhi redio itatangaza unga uondolewe madukani na majumbani.

Lakini posa haijarudishwa, Mama. Pete iko kabatini kwako. Nimesema uongo mbele ya watu wazima, na nimeusema kwa jina lako.

Asgarali akiwahi kesho kusema pete yake bado iko kwenu, tangazo litazuiwa na mimi sitaaminiwa tena. Kuirudisha mwenyewe siwezi. Mila zetu unazijua, pete anairudisha aliyeipokea, tena mkononi mwa aliyeituma. Nakuomba uvae baibui yako, umwambie Baba, mwende leo hii nyumbani kwa Asgarali, Magomeni ya hapa Mtwara. Najua utakavyosemwa. Najua mshenga mwingine hatabisha hodi kwetu kwa muda mrefu, na umri wangu unaujua kuliko mimi. Nenda hata hivyo, Mama. Na kabla hujatoka, zile pakiti za mtoto mnene zitoe zote rafuni.

Nisalimie Baba, mwambie anisamehe kabla hajaanza kufoka. Mkono wako naubusu, na usiku huu silali mpaka Owais anipigie.

Mimi binti yako, asiye mchumba wa mtu, ukikubali,

Shazia