Gari Linalala Zambia, Mume Analala Kwangu

Basi Dada Yunisi mshauri wangu, juzi chaji iliniishia palepale kwenye utamu, nilikuwa nakwambia bosi wa mume wangu amefunga vile vifaa vya kufuatilia magari ya kampuni, maana madereva walikuwa wanabebea wakwe zao na magunia ya mahindi, sasa Lwitiko wangu anaruhusiwa kurudi na pikapu nyumbani hapa Tunduma lakini asivuke mpaka, ukivuka kwa mambo yako kazi huna. Na nyumba yetu wewe huijui, iko ukingoni kabisa mwa mpaka, simu ukiiweka dirisha la nyuma inaleta meseji ya kukukaribisha Zambia, ukirudi nayo sebuleni inakukaribisha Tanzania, na pikapu tunaiegesha huko nyuma kwenye banda la kuku. Basi kile kifaa kikawa kinashika mtandao wa Zambia, na simu ya bosi Habibu ikawa inamwambia gari la Lwitiko kila siku linalala Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Mke wa bosi, Mwanaisha, mteja wangu wa vitenge, akanijia kwa huruma, "Mama Gwalugano, shoga yangu, mumeo ana mwanamke ng'ambo?" Nami najua kabisa gari liko nyuma ya nyumba na kuku wangu wanalinyea, lakini alivyoniangalia vile, na kashika mfuko wa mchele wa kunipa pole, mdomo ukanitoka, nikasema yupo, anaitwa Brenda. Akauliza yukoje, nikasema mwembamba, ana mwanya. Dada, nilivyoanza sikuweza kuacha, nikampa na saluni.

Sasa soko zima linanipa pole, nakaribishwa chai kila kibanda, vitenge vinatoka, nisiseme uongo, nimenenepa. Ila Habibu kasikia kwa mkewe, kamwambia Lwitiko Jumatatu arudishe funguo, kazi basi. Lwitiko wa watu si muongeaji, anaapa tu hajavuka, jana akaniuliza, "Mama Gwalugano, kwani huyo Brenda saluni yake iko wapi?" Hilo nalo limenichoma.

Naomba msaada, huyu Brenda nimuozeshe mbali huko Kitwe, Zambia ndani, au nimuue tu kwa ajali ya bodaboda yaishe? Nikisema ukweli nitachekwa mpaka nizeeke, nisiposema tunarudi kijijini Isongole kulima, na mimi jembe nilishalisahau, tena mgongo wangu huu, ngoja, kuna mtu mlangoni, ni Mwanaisha na Ketrina wa kibanda cha jirani na wenzao wa sokoni, wamejifunga vibwebwe, Mwanaisha anasema, "Vaa viatu, tunavuka sasa hivi tukamkomeshe, wewe ndiye utatuonyesha saluni." Dada naitw

*Mshauri anajibu:*

Mama Gwalugano, natumaini viatu ulivivaa polepole. Nakonde kina Brenda ni wengi, wenye saluni nao wapo, na hakuna kati yao aliyekula hata punje ya ule mchele. Mmoja wao akipigwa kofi, umempiga wewe.

Nakuelewa, kupewa pole kutamu. Lakini umeuza kazi ya mumeo kwa chai ya vibandani, na mwenyewe hajui hata kosa lake, anaulizia saluni. Usimuue Brenda. Ukimuua utamwekea na matanga, nishakujua.

Leo hii, Jumatatu isikukute, mwite Habibu aje na simu yake, aje na mkewe. Wapeleke nyuma, wasimame bandani, waone wenyewe simu inavyowapeleka Zambia huku wamezungukwa na kuku wako. Hapo utakuwa umemaliza lile rahisi. Lililobaki ni kumwambia Mwanaisha, Lwitiko akiwepo, kwamba Brenda ulimtunga, kisha ufunge mdomo. Usiongeze kwamba alikuwa na dada yake.

Soko litakucheka, liache licheke, kitenge litanunua tu. Na mwombe Mwanaisha radhi, mchele usimrudishie maana najua umeshaliwa.

Pikapu iegesheni mbele ya nyumba. Lwitiko akiuliza tena saluni iko wapi, mwambie imefungwa.