Nimerudi Nyumbani Kwetu Mafinga

Kamwene, Baba Tumaini.

Mimi nasema, mwanao anaandika. Usishangae mwandiko ukiyumba. Analia kidogo, halafu anaendelea.

Tulipomaliza matanga yako, mdogo wako Elia alinichukua. "Shemeji, kipofu hakai nyumba peke yake. Twende Chimala." Sikubisha. Tangu macho yangu yazimike, bega lako ndilo lililokuwa njia yangu. Jikoni bega lako, chooni bega lako. "Shika hapa, mama, twende," ulikuwa unasema, nami nakufuata. Ningebisha nikashike nini?

Chimala walinipenda, Mungu awabariki. Ila siku moja niliinuka kutafuta maji ya kunywa, nikaparamia sufuria ya maharage, mkono ukaungua. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kukalishwa. "Kaa tu Mama, tutakuletea." Hata chooni nasubiri mtu. Mume wangu, nilitamani kukufuata huko ulikokwenda.

Ndipo Tumaini alipokuja kutoka Mbeya na kifaa kilichotengenezwa na mafundi wa huko. Ni kidogo, unakivaa kwenye mkanda, unakichaji kama simu. Ukikaribia ukuta au meza kinatetemeka. Ukizidi kukaribia, kinazidi. Bei yake hata mshahara wake wa ualimu uliimudu. Nilikichukia. Kilikuwa kama nyuki kiunoni, nikakivua nikakitupa kitandani. Hakunigombeza. Alinivalisha tena, tukazunguka sebule ya Elia mpaka nikaanza kujua ukuta ni upi na mlango ni upi.

Nikamwambia, "Nirudishe kwetu."

Nyumba bado inanukia mbao ulizokuwa ukiranda. Siku ya kwanza nilipita koridoni, kifaa kimya. Nikanyoosha mkono kwa mazoea, natafuta bega. Kifaa kilikuwa kinasema kweli, Baba Tumaini: mbele yangu hapakuwa na kitu. Nilikaa palepale sakafuni, nika... Tumaini, andika hivyohivyo. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Halafu nikainuka. Nani angeniinua?

Sasa napika. Vitu vya chini kifaa hakivioni, ndoo zinanigonga miguu, lakini jiko nalifikia bila kuungua. Juzi Elia alikuja kuniangalia, nikamwekea chai mezani mwenyewe. Akasema, "Shemeji, kaka angefurahi." Chai ikatupolea wote wawili.

Kesho Tumaini anarudi Mbeya kufundisha. Naogopa, sikufichi. Makaburini siwezi kuja na kifaa, kule mashimo ni mengi. Akija likizo nitamshika mkono, tuje wote. Lakini humu ndani tulimoishi, nakuahidi, nitatembea mpaka Bwana atakaponiita.

Kufunga mlango jioni ilikuwa kazi yako. Jua limezama, mwanao ananiambia. Ngoja niende nikaufunge. Wewe pumzika, mume wangu.