Karatasi ya Inchi Arobaini na Tatu

Jumapili, 4 Mei

Mdogo wangu Kimya,

Hujambo? Mama hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anaiinamia ile cherehani kama aliyedondosha kitu ndani? Mimi ni mzima, ila vidole ndiyo vinalalamika. Huku kwenye ghala la barafu tunapanga makasha ya samaki tangu asubuhi, na glavu zinachoka kabla yetu.

Sikuandikii bure. Umemaliza shule na sijakupa hata pongezi ya maana. Tangu TV ya nyumbani ife, najua jioni zenu zimekuwa ndefu. Sasa nimepata fungu kidogo nje ya mshahara, nataka kuwanunulia kioo kipya. Kimoja tu. Ama televisheni ya sebuleni, ama monita ya kuifufua kompyuta yangu iliyolala chini ya kitanda chako.

Uchague wewe. Kwenye simu utaniambia "eeh" na "haya", kisha utampa Mama. Kwa hiyo andika. Andika kila kitu.

Kaka yako

Jumamosi, 10 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Mama anasema mgongo upo, haujaenda popote, na anauliza kwani huko hakuna glavu za saizi yako.

Nilikwenda dukani. Nilisimama upande wa pili wa barabara mpaka muuzaji akapaza sauti, "Dada, unatulindia duka au unaingia?" Watu walicheka, nikaona afadhali niingie kuliko kukimbia.

Aliziweka TV na monita pamoja, zikionyesha filamu moja. Nilipoisogelea TV, picha ilivunjika ikawa chembechembe, kama kitambaa ukikitazama uzi kwa uzi. Monita hata niikaribie vipi ilibaki laini. Lakini niliporudi nyuma mpaka mlangoni, tofauti ikapotea! Niliporudi mbele, ikarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi hadi muuzaji akaniuliza kama nacheza ngoma. Kwa nini inakuwa hivyo?

Halafu monita haina spika wala rimoti. Ukiiwasha peke yake inaandika kwamba haipati kitu, kisha inazimika. Ni kama mtu aliyefungua mdomo akakosa neno. Niliionea huruma.

Nikuambie ukweli, Kaka, mimi moyo wangu uko kwenye monita. Ningeiweka chumbani, nifunge mlango, nicheze ule mchezo wetu wa kujenga mji bila mtu kunitazama. Daraja letu liko nusu mpaka leo. Mama yeye anataka TV. Nimemchunguza, nikagundua jambo la ajabu: Mama haitazami TV. Anaisikiliza. Anashona, wanapogombana kwenye tamthilia anasema, "Mwongo huyo," bila kuinua macho.

Muuzaji aliniuliza tutakaa mbali kiasi gani na tuko wangapi. Nimepima kwa utepe wa Mama: kutoka kochi hadi ukutani ni futi nane. Lakini tuko wangapi? Ulisema Desemba utarudi. Nikuhesabu?

Mdogo wako, Kimya

Jumapili, 18 Mei

Kimya wangu,

Salamu nyingi. Nimesoma barua yako wakati wa mapumziko nikacheka hadi msimamizi wa zamu akadhani baridi imenipanda kichwani.

Chembe ulizoziona idadi yake ni ile ile katika vioo vyote viwili, ila za TV zimetawanyika kwenye uwanja mkubwa na za monita zimebanana. Ukiwa mbali jicho linaziunganisha lenyewe. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: anayekaa karibu peke yake, monita. Wanaokaa wengi na mbali, TV. Monita ina sifa nyingine, ukibonyeza kitu kinaitika papo hapo. TV nyingine hufikiri kwanza. Na Mama akiinua macho kwenye cherehani atakuwa anaangalia kutoka pembeni, kwa hiyo muulize muuzaji kama rangi hazififii ukiwa upande.

Kama unaitaka monita, sema tu. Tutacheza wote, wewe huko, mimi huku, kila Jumapili. Daraja tutalimaliza.

Msalimie Mama. Mwambie glavu zipo, vidole ndivyo vya zamani.

Kaka yako

Jumapili, 25 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Habari za baridi? Sisi tuko salama, na tumefanya kituko.

Mama alisema hanunui nguo bila kuipima, sembuse TV. Akatoa karatasi ya kaki ya kukatia nguo, akakata TV ya inchi arobaini na tatu tuibandike ukutani tuone ilivyo. Ikawa pana kuliko nafasi. Tukahamisha kabati la vitambaa. Jirani yetu, yule muuguzi mstaafu, akaja kusaidia kusukuma, akatuuliza nani anahama. Tukasukuma tukahema, kabati likaziba nusu ya dirisha. Mama akasema, "Kioo gani hiki kinataka nyumba yake?"

Kesho yake Fundi Waya alikuja kurekebisha soketi. Akaitazama karatasi, akainamisha kichwa huku na huku. "Mama, hii mmeipimaje?"

"Kwa utepe, upana."

"TV haipimwi upana. Inapimwa kutoka kona hadi kona."

Mama aliacha mkasi. "Kumbe wanapima mshazari! Mimi nikimpima mteja kiuno mshazari, si ataniitia polisi?" Fundi alicheka hadi akakaa chini. Tumeipunguza karatasi, na kabati tumelirudisha. Lile dirisha Mama analihitaji kwa mwanga.

Nimebandika na karatasi ya monita pembeni, ndogo kama mto wa kulalia. Jioni tunakaa tunaangalia karatasi. Usicheke. Jirani naye anakuja, anauliza, "Leo kuna nini?" Mama anajibu, "Marudio."

Fundi amenifundisha jambo jingine. Kompyuta yako inaweza kuunganishwa na TV kwa waya mmoja tu. Maandishi yatakuwa manono, na itachelewa kidogo, lakini itafanya kazi.

Kaka, umenijibu maswali yote isipokuwa moja. Pembe ya kushoto ya kochi bado imebonyea ulipokuwa ukikaa, na hakuna anayeikalia. Kama unakuja, nitachagua ya wengi. Kama huji, nitachagua ya kukaa karibu. Siwezi kuchagua kabla ya kujua. Nikuhesabu?

Mdogo wako, Kimya

Jumapili, 29 Juni

Kaka,

Shikamoo. U mzima? Mwezi umepita. Kwenye simu unaongea na Mama habari za hali ya hewa kisha unasema kuna mtu anakuita.

Karatasi bado ziko ukutani. Mteja mmoja ameuliza kama ni mchoro wa pazia. Mama haulizi kitu. Ila juzi nilimkuta amesimama mbele ya hiyo kubwa, anainyoosha kwa kiganja ilipokunjamana.

Sikasiriki. Nataka kujua tu.

Kimya

Jumapili, 6 Julai

Mdogo wangu,

Nisamehe. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaifuta.

Usinihesabu. Hapa kazini anayekubali kutokwenda likizo hulipwa ile likizo yake. Desemba yangu nimeiuza. Lile fungu la nje ya mshahara ndilo hilo. Niliona nikija nitakaa siku chache, nile, nilale, niondoke, na ninyi mbaki na ukuta mtupu. Nikasema afadhali niwaachie kitu kinachokaa. Nilipoanza kukuuliza TV au monita, nilikuwa nimeshasaini.

Uliniuliza kwa nini ukirudi nyuma picha inaonekana nzima. Nami kwa mbali naonekana mzima, Kimya. Kwenye simu nachekesha watu. Ukinisogelea utaona chembe.

Chukua monita. Ni haki yako, na ndiyo njia pekee tutakayokaa pamoja. Mama usimwambie kwanza.

Kaka yako

Jumapili, 13 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimemwambia Mama. Sikuweza kuficha. Aliniona nasoma, akasema, "Lete sauti." Nikamsomea yote. Wateja wawili walikuwepo, na jirani pia. Mimi ambaye darasani nilikuwa nasoma kwa kunong'ona! Nilipomaliza, cherehani ilikuwa imesimama.

Nilidhani atalia. Alisema hivi, na akaniamuru niandike kama alivyosema: "Mwambie, mwanangu, mimi sikukata karatasi ile kwa ajili ya TV. Nilikata nione atakaa wapi tukiwa tunaangalia. Akairudishe hiyo hela, achukue Desemba yake. Na kama wamekataa, basi amekula hasara, lakini kioo cha bei hiyo hakipandi ukuta wangu."

Jirani akaongeza, "Na chembe zake tutaziunganisha." Mama akamwambia, "Wewe nyamaza, unasikiliza barua ya watu." Lakini alitabasamu.

Sasa langu. Nimechagua. Nachagua TV, na si kwa sababu ya Mama tu. Nilijiuliza kwa nini niliitaka monita, nikaona niliupenda ule mlango wa kufunga kuliko kioo chenyewe. Kompyuta nitaileta sebuleni. Daraja nitalimalizia mbele za watu, acha waseme. Ila nataka wewe uliyekuwa ukishika kibao cha herufi uwe kwenye kochi, siyo upande wa pili wa waya.

Ikibidi tungoje, tutangoja. Karatasi haituombi umeme.

Mdogo wako, Kimya

Jumamosi, 9 Agosti

Mpendwa Kimya, na Mama najua unasomewa, shikamoo,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi ni mzima, safari hii hata kwa karibu.

Msimamizi wa zamu alinitazama kama niliyeomba ghala lizimwe. Amenipeleka huku na huku wiki nzima. Jana ameichana ile karatasi niliyosaini. Desemba imerudi mfukoni, hela imerudi kwao.

Akiba kidogo niliyobaki nayo kwenye mshahara nimekwenda nayo duka la huku. Ile ya arobaini na tatu sikuiweza. Nimepata ya thelathini na mbili. Muuzaji akauliza aifunge ya kutumwa au ya kubebwa. Nimemwambia ya kubebwa.

Kwa hiyo Mama apunguze karatasi tena. Mshazari, asisahau. Muuzaji anasema kwa ukubwa huo futi nane ni mbali mno, mtakuwa hamuoni kitu. Sogezeni kochi mbele. Itabidi tukae karibu.

Kaka yako