Goti la Nalongo

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Soksi zimelowa mpaka sasa. Raundi kama kawaida: Profesa mbele, kitambi kikimtangulia, sisi wanafunzi nyuma kama vifaranga. Nalongo, yaani mama wa mapacha, yule wa kitanda cha dirishani, katupokea kwa heshima zake zote. Tukafungua bandeji. Lo! Mishono ya goti imefumuka tena. Boda ilimwangusha, tukamshona, ikafumuka. Leo tumemshona upya. Ikifumuka tena, ngozi itakatwa pajani ipachikwe gotini. Na Jumamosi ya wiki ijayo binti yake anamleta mchumba kwa wazee, kwanjula yenyewe. Mama akose? Haiwezekani. Profesa kanikazia macho, maana mgonjwa ni wangu.

Jumanne, 4 Machi
Sukari sawa. Damu sawa. Usaha hakuna. Nimemhoji Nalongo kama askari, baba angejivunia. Unafua? Hapana. Unabeba maji? Hapana. Ngazi? Hapana. Anapumzika tu, musawo. Musawo ni mimi, eti daktari! Mwaka wa nne tu.
Nimeandika kwenye faili: mgonjwa ameelewa. Ameelewa nini, sijui.
Ijumaa kuna kikao cha kutafakari. Kila mwanafunzi aseme alivyoishi na mgonjwa wake na alichojifunza. Upuuzi. Mimi nataka kushona watu. Naandika hapa Kiswahili cha kambi ya polisi nilikokulia, wenzangu wa hosteli hawakisomi. Salama.

Alhamisi, 6 Machi
Foleni ya magari Kansanga, nimechelewa. Nikabaki mlangoni mwa wodi badala ya kujibana nyuma ya Profesa. Ndipo nikaona. Nalongo anateremka kitandani, anapiga magoti kwenye saruji, mgongo wima, anamwamkia Profesa. Kisha sisi sote. Salamu ndefu ya Kiganda, habari za nyumbani mpaka mwisho. Anapanda kitandani, nasi tunamwuliza kama anapumzisha goti.
Kila asubuhi! Mbele ya macho yetu! Kampala nzima wanawake wanasalimia hivyo, tumezoea, hatuoni tena. Nimecheka chooni mpaka machozi. Halafu nikaona haya.
Baadaye nikamwuliza. Akashangaa: "Kusalimia nako ni kazi?" Wakubwa wasimame mbele yake, yeye alale kama gogo? Bora akatwe paja kuliko kuitwa hana adabu, tena na wakwe wako njiani.
Kesho lazima niseme kikaoni. Yaani nimwambie Profesa kwamba mishono anaifumua yeye. Na maksi anatoa yeye. Naogopa sana.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesema! Sauti ya mbuzi, lakini nimesema. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema marehemu mama yake alisalimia hivyohivyo, kumbe ndiyo maana alikuwa akiipenda raundi ya kitanda kile. Kisha kitambi kikaanza kutikisika kwa kicheko. Nimepona.
Ila dawa hatukuipata. Tukimkataza, ataona tumemdharau. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 10 Machi
Leo Profesa aliharakisha. Kabla Nalongo hajashusha mguu, mzee keshavuta kigoda, kakaa chini kuliko kitanda, kamwamkia yeye kwanza. Nalongo akashika mdomo. Profesa akamwomba, akamwomba kweli, atupokee akiwa kitandani mpaka uzi utolewe. Nalongo akafikiri. Akamwelekezea kidevu binti yake, aliyekuwa pembeni ya kitanda. Binti akapiga magoti kwa niaba ya mama, salamu ikaenda mpaka mwisho. Wodi ikapiga vigelegele. Mimi pia, na stethoskopu shingoni!
Bandeji kavu.

Jumamosi, 15 Machi
Uzi ulitolewa jana. Kidonda kimefunga.
Nilikwenda kwanjula, alinialika mwenyewe. Nalongo alikaa kitini, amevaa gomesi ya zambarau, mguu umenyooshwa juu ya mto. Wakwe walimsalimia hapohapo, hakuna aliyenung'unika. Alikuwa anang'aa.
Nikaenda kumwamkia. Sikupanga. Mimi binti wa kambini, ambaye hata shangazi zangu nawasalimia nimesimama, nikajikuta chini kwenye nyasi. Akainama, akaninong'oneza ninyooshe mgongo.
Nimerudi hosteli. Gauni lina madoa ya majani magotini. Nimelitundika ukutani, nitafua kesho.