Unga Mwekundu Uliochelewa Kutoka

Dada Verediana,

Shikamoo, na Mungu awe amewaamsha salama wote hapo Kirushya. Huku Dar joto linanitoa jasho hata nikisali, na ndizi zao hazina ladha ya kwetu.

Barua yako imenifikia. Unasema ukoo umekubaliana kunyoa nywele na kumaliza matanga ya kaka Bonifasi baada ya Pasaka, maana tangu tukimbie vita na kupotezana njiani hajaonekana.

Jana kiwandani injinia alitaka kupima unga wa dawa unakaa muda gani ndani ya mashine isiyosimama, inayouchanganya na maji hadi uwe chembe za kutengenezea vidonge. Akatia unga mwekundu kidogo mdomoni mwa mashine, mimi mfagiaji nikawekwa kule mwisho kukinga kwa vikopo. Zikatoka chembe nyekundu, zikafifia, zikawa nyeupe tupu. Nikainuka.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Si zimekwisha?"

"Kaa! Kuna zinazozunguka humo ndani, hazina haraka kama wewe."

Nikakinga vikopo saba vyeupe, nikimnung'unikia moyoni. Cha nane kikaja na chembe nyekundu. Dada, nililia mbele ya wanaume.

Sijui kama Bonifasi yu hai. Ila nakuomba, waambie wazee wasinyoe bado. Wangoje nije, tukaulize tena kwenye kambi ya wakimbizi, mimi nawe.

Nimewakumbuka hadi nasikia sauti zenu. Bwana akutunze.

Mdogo wako,
Imakulata