Bakuli Halirudi Tupu

Kwa Bibi yetu Ardis Nygaard, wa Hollis Prairie, Minnesota (1930–2024)

Ni mwaka mmoja sasa, Bibi, tangu jiko lako lipoe, na bado tukipita mbele ya nyumba tunatazama dirishani kama vioo vina mvuke. Havina. Nyumba ina wenyewe wengine, watu wazuri tu, ila hawapiki. Chakula chao huletwa mlangoni na gari.

Mimi Kari, mjukuu wako, binti wa Dale na Connie, ndiye niliyepewa kazi ya kukuandikia kwa niaba ya wote. Walisema eti nina maneno mengi. Kwani nimeyatoa wapi?

Tunakumbuka ulivyotusimulia kengele yako ya saa sita mchana. Ukiipiga, Babu Orville anaacha trekta palepale ilipo. Watoto wanne, vibarua watatu, meza moja, sala moja. Aliyekuwapo mezani alikuwa wa nyumba hiyo, basi, hakuna aliyeuliza zaidi. Lakini hukutuacha tuzisifie mno enzi hizo. "Msidanganywe na picha," ulisema. "Wote wanacheka kwa sababu mpiga picha aliwaambia wacheke. Mimi nilikuwa nimechoka kila siku ya Mungu."

Kisha dunia ikageuka mbele ya macho yako. Wakaza wana wako wakaajiriwa mjini. Televisheni ikahamisha sahani kutoka mezani hadi mapajani. Wanao watatu wakahamia majimbo ya mbali, tukawa tunakuamkia kwa video kwenye simu za kioo, nawe ukituonyesha paji la uso peke yake mwaka mzima. Nilipokwambia kwamba naishi na Tom bila ndoa, shangazi zangu walishika vichwa. Wewe uliuliza neno moja tu.

"Anaosha vyombo?"

"Anaosha, Bibi."

"Basi mlete. Babu yako nilifunga naye ndoa kanisani, na hakuwahi kuosha hata kijiko."

Uliyapokea yote hayo. Ila lipo moja ulilolikataa katakata, na ndilo lililotufanya tukuandikie.

Kwetu kila mwanamke huandika jina lake kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, akakibandika chini ya bakuli lake la kuokea, ili likipelekwa msibani au kanisani lijue njia ya kurudi. Baba alipomwoa Mama mwaka 1974, ulimpa bakuli la kioo. Chini uliandika kwa herufi kubwa: CONNIE NYGAARD. Mama anasema hakuna zawadi ya harusi iliyomfanya ajione mke wa mtu kama ile selotepu.

Mwaka 1983 wakaachana. Ilikuwa talaka ya kwanza katika ukoo mzima, na katika ukumbi wa chini ya kanisa watu walinong'ona mpaka kahawa ikapoa. Mimi nilikuwa na miaka saba, nikaanza kuhama na begi, wikiendi hii kwa Baba, wikiendi ile kwa Mama. Mama alirudia jina la kwao, Bauer. Akabandua selotepu yako, akaliosha bakuli, akaliweka kwenye ngazi za mlango wako likiwa tupu, akaondoka bila kubisha hodi.

Kesho yake ukapanda ngazi hadi chumba alichopanga juu ya duka la rangi. Nilikuwapo, nilisikia kila neno. Bakuli lilikuwa limejaa tambi, samaki wa kopo na supu ya uyoga, juu umetandaza viazi.

"Mama, mimi si wa kwenu tena," alikwambia.

"Nani kasema?"

"Hakimu kasema."

"Hakimu alikutenganisha na Dale. Mimi hakunitaja popote. Haya, shika vizuri, la moto hilo. Na ukumbuke, bakuli halirudi tupu."

Mama alilia huku amelishika kwa kitambaa cha mezani. Wewe ulimkaripia kwamba chakula kinapoa.

Likaanza kwenda na kurudi, Bibi, miaka arobaini na moja. Mama akilirudisha na maharage ya kuoka, chini kabandika BAUER. Wewe ukilipeleka na viazi, juu ya BAUER umebandika NYGAARD. Hamkulizungumza hata siku moja, wabishi wakubwa nyinyi! Kitako cha lile bakuli kikanenepa kama mguu uliofungwa bendeji, likawa linayumba mezani.

Ulipofariki, tulikukosea. Acha tuseme wazi. Tangazo la gazetini liliandikwa kama yanavyoandikwa yote hapa kwetu, mtoto na jina lake, na mwenzi wake kwenye mabano. Joan (Leonard). Dale (Sherri). Mama hakuwa na mabano ya kumweka ndani, kwa hiyo hakuandikwa kabisa. Shangazi Joan alijaza fomu, na fomu haikuwa na nafasi yake. Mimi nililisoma tangazo kabla halijachapwa na sikuona kasoro yoyote. Mama yangu mzazi! Nisamehe, Bibi. Yeye nimeshamwomba.

Siku ya mazishi ukoo ulikaa safu za mbele. Mama alikaa nyuma kabisa, karibu na makoti. Alileta bakuli, limejaa, maana zamu ilikuwa yake, ila safari hiyo hakubandika BAUER juu ya jina lako. Baada ya chakula wanawake wa kanisa waliosha vyombo, wakalipindua kuona ni la nani, wakasoma mwandiko wako: NYGAARD. Wakampa Baba na mke wake. Walifanya walivyofundishwa tangu wasichana. Mama aliona likipita, akanyamaza.

Alinyamaza hadi mwezi uliopita. Nilikuwa kwake, nikafungua kabati kutafuta pa kuokea.

"Mama, bakuli liko wapi?"

"Limeenda kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwa akina Nygaard. Si ndiyo jina lililoandikwa? Limejua njia." Akaendelea kumenya viazi. "Mwaka mzima hakuna aliyelileta, Kari. Basi nimeelewa."

Sikupika tena. Nilikwenda kwa Baba moja kwa moja, nikamsimulia Sherri yote. Sherri, mke wa Baba tangu 1988, alianza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Kisha akalitoa bakuli kwenye kabati la juu.

"Nilijua si langu," alisema. "Nilijua tangu siku ile. Unajua mimi bibi yako alinipa la nini? La plastiki! Lina mfuniko wa kijani." Alicheka, halafu hakucheka tena. "Nilimwonea wivu mama yako miaka yote hii. Kuolewa na Dale nimeolewa mimi, lakini bakuli analo yeye. Nikasema, acha likae kwangu kidogo."

"Sasa?"

"Sasa washa jiko. Niende na bakuli tupu mlangoni kwa mtu? Nimelelewa wapi mimi?"

Alipika tambi zako, akakosea chumvi. Kabla ya kutoka alikata kipande cha selotepu, akaandika mwenyewe, akabandika juu ya zote. Akaendesha gari hadi kwa Mama, akabisha hodi, na mimi nikabaki garini kwa amri yake. Waliingia ndani wawili. Walitoka baada ya saa mbili, macho mekundu, wakibishana kuhusu chumvi. Undugu ni kufaana, si kufanana, na wale wawili hawafanani hata kidogo.

Nilipopeleka tangazo hili la kumbukumbu gazetini, mama wa mapokezi alipiga simu. "Huyu Connie nimweke kwenye mabano ya nani?"

"Hana mabano."

"Jina la ukoo je?"

Nikamwomba asubiri, nikamuuliza Mama: Bauer au Nygaard? Alikuwa akikausha vyombo.

"Soma chini ya bakuli," alisema.

Nikalipindua. Ilikuwa selotepu ya Sherri, herufi kubwa kama zako za mwaka 1974, na juu yake hakuna aliyebandika kitu.

Wanakukumbuka wanao Joan (Leonard), Dale (Sherri), Paul na Ruth. Wajukuu wako kumi na mmoja, mmoja wao mimi Kari (Tom, na bado anaosha vyombo). Vitukuu wako wote, waliozaliwa katika ukoo na waliokuja na wazazi wao. Na mkweo Connie Nygaard, bila mabano.

Daima tutakukumbuka, Bibi. Bakuli wiki hii liko kwa Mama.